Mparachichi Nyuma ya Nyumba ya Mama Mkwe

Tulipanda treni Mbeya mchana, tukashuka Kisaki siku ya pili alfajiri, saa kadhaa nyuma ya ratiba. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka minne, na mdogo wake wa miezi miwili ambaye alilala karibu safari nzima. Mizigo yetu ilikuwa godoro moja lililofungwa kamba, mabegi mawili, ndoo ya vyombo, mfuko wangu wenye mwiko, pima maji na timazi, na beseni la bluu la kuogea watoto.

Beseni lile lilikuwa limehama na sisi kila mara. Mimi ni fundi ujenzi, na fundi asiye na shamba huishi kwa kufuata matofali. Binti yetu alizaliwa Makambako, akaota meno Mlimba, akaanza kutembea Ifakara, na mdogo wake akazaliwa Tunduma. Kwa hiyo binti alikuwa na akili yake kuhusu jambo hili: nyumba ni pale beseni linapowekwa. Ndani ya behewa, nilipolisukuma chini ya kiti, alivua kandambili zake, akazipanga kando yake, akauliza jiko liko upande gani. Alidhani tumehamia kwenye treni. Abiria wa jirani walicheka. Mke wangu hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya kawaida tu, "Umeona ulichomfundisha mtoto?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya safari. Alikuwa amechoka kuzalia kwenye vyumba vya kupanga. Alipojifungua wa pili alitoa sharti moja, kwamba kitovu cha huyu hakitazikwa kwenye ua wa mwenye nyumba. Cha binti yetu tulikizika Makambako nyuma ya choo cha wapangaji, kwa sababu ndipo palipokuwa na udongo. Baadaye mwenye nyumba alitaka ua wote umwagwe zege, na kazi hiyo nilipewa mimi. Nililimwaga mwenyewe na kulisawazisha vizuri. Mke wangu hakunigombeza siku ile, lakini hakusahau.

Kitovu cha wa pili kilipodondoka alikifunga kwenye kipande cha kitambaa, akakitia ndani ya kasha la kiberiti, na kasha akalificha kwenye begi la nguo za mtoto. Alikuwa anakipeleka kwao, kwa mama yake, kwenye milima ya Uluguru upande wa Matombo. Makubaliano yetu yalikuwa miezi sita, watoto wapate nguvu, kisha tuone. Tulikaa karibu miaka mitatu.

Kutoka Kisaki tulipata lori lililokuwa linarudi tupu. Mama na mtoto walikaa mbele na dereva, mimi na binti tukakaa nyuma juu ya godoro letu, beseni limetufunika magoti kwa ajili ya vumbi. Barabara ile ina makorongo, na kila tukirushwa binti yangu alisema "tena". Tuliposhushwa ilikuwa imepita saa nane, na bado kulikuwa na mwendo wa saa nzima wa kupanda kwa miguu.

Mama mkwe alikuwa anatusubiri penye kona ya njia. Hakusalimia mtu. Alinyoosha mikono, akamchukua mtoto mgongoni kwa mama yake, akamtazama usoni na kumwambia, "Mume wangu, umechelewa." Ndipo akageuka tukampa shikamoo zetu. Akamwona binti yangu amejificha nyuma ya miguu yangu, beseni kichwani kama kofia.

"Na huyu ndiye mke mwenzangu? Mbona ameniletea kichwa cha plastiki?"

Binti yangu aliinua beseni kidogo, akamwangalia, akalishusha tena. Ugomvi wao wa kutaniana ulianzia hapo na haukuisha.

Nilikuwa nimezoea kulea watoto wawili kwa watu wawili. Pale mlimani nilikuta kwamba kazi ile ina utaratibu ambao mimi na mke wangu tulikuwa tunaukosea kwa miaka minne. Asubuhi bibi aliketi chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mtoto amelazwa juu ya miundi yake, beseni la bluu pembeni. Alimwogesha kwa maji ya vuguvugu, akamnyoosha mikono na miguu, akampaka mafuta ya nazi mpaka mtoto anang'aa kama samaki. Mtoto alilia dakika ya kwanza, dakika ya pili alinyamaza, ya tatu alikuwa amelala. Sisi Tunduma tulikuwa tunamwogesha tumesimama, tukigombana nani ameweka sabuni wapi.

Maji yaliyobaki hayakumwagwa ovyo. Yalipelekwa kwenye migomba nyuma ya nyumba, na kazi hiyo alipewa binti yangu. Alibeba maji kidogo kidogo kwa kikopo, safari saba au nane, na ole wake mtu ambaye angemsaidia. Nadhani ilikuwa kazi yake ya kwanza duniani. Aliitangaza kwa kila mpita njia.

Wivu alikuwa nao pia. Wiki ya tatu alitaka naye abebwe mgongoni kwa kanga. Bibi yake alimbeba, mtu mzima wa miaka minne, akazunguka naye nyumba mara mbili akilalamika kwamba mume wake amemwolea mke mwenza mzito. Siku nyingine alimhurumia mdogo wake kwamba anakunywa maziwa tu kila siku, akamtafunia karanga na kumtia mdomoni. Mtoto alikuwa na miezi minne. Mama yake alizitoa kwa kidole, na binti yangu akasimama pale akishangaa kwa nini wema wake umepokewa hivyo. Kuanzia siku hiyo tulimwambia mdogo wake ataanza kula atakapoota jino, na kila asubuhi alikwenda kumfungua mdomo na kukagua.

Mimi nilipata kazi Mazimbu, mjini Morogoro, ambako watu binafsi walikuwa wanajenga hosteli za wanafunzi karibu na chuo. Jumatatu nilishuka, Jumamosi nilipanda. Na hapo ndipo jambo lilipoanza kunisumbua. Jumamosi nikifika, mtoto alikuwa akinitazama na kulia. Kilikuwa kile kilio cha kumwona mgeni. Jumapili asubuhi alikuwa ananivumilia, jioni anacheka nami, na Jumatatu naondoka. Wiki iliyofuata tunaanza upya. Mama mkwe alinitania, kwa kuwa kwetu ni Tukuyu, kwamba mtu wa Tukuyu ananuka saruji, ndiyo maana mume wake anamkataa. Nilicheka. Lakini nilikuwa naona kwamba nyumba ile inakwenda vizuri bila mimi, na kwamba mwanangu anakua kwenye miundi ya mtu mwingine.

Baba yangu alinionyesha, nikiwa na miaka saba, shina la mgomba nyuma ya jiko letu, akasema kitovu chako kipo hapa. Nilimaliza kidato cha nne, nikaondoka nikiwa na miaka kumi na tisa, na sijawahi kukaa tena pale zaidi ya wiki mbili mfululizo. Hata hivyo nikiwa popote, juu ya jukwaa la ujenzi au kwenye kituo cha basi, naujua mgomba ule ulipo. Nilitaka mwanangu naye awe na kitu cha namna hiyo, na nilitaka awe amepewa na mimi.

Kasha la kiberiti lilikuwa bado kwenye begi. Mama mkwe alisema kuna siku yake, tusubiri. Sikuuliza tunasubiri nini. Jumamosi moja nilinunua mche wa mparachichi wa kubebesha, ule unaozaa mapema, kwenye kitalu kando ya barabara pale mjini, nikaupandisha mlimani nimeukumbatia. Wanawake wote wawili walikuwa wamekwenda gulioni, mtoto amebebwa. Binti yangu alikuwa ameachwa kwa jirani, akanikimbilia. Nilichagua mahali pazuri nyuma ya nyumba, juu kidogo ya migomba. Nilichimba shimo, nikaweka kitambaa pamoja na kilichomo, nikapanda mche juu yake. Binti yangu alisimama shahidi. Nikamwambia, kuanzia leo maji ya mtoto ni ya mti huu.

Mama mkwe aliporudi aliuona mche kabla hajatua mzigo. Aliuangalia, akaniangalia, akaingia ndani. Kesho yake alipomwogesha mtoto, yeye mwenyewe alibeba maji akayamwaga kwenye migomba, na binti yangu akabaki na kikopo chake mkononi, analia.

Mke wangu ndiye aliyenieleza, tukiwa tunachambua mchicha. Ardhi ile ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Mwanamume aliyeoa hapo hupewa sehemu ya kulima, na hakuna wa kumnyima: mahindi, mihogo, maharage, vitu vya kuvuna na kuondoka. Mti hapandi. Mti unakaa kuliko mtu, na anayepanda mti anasema hapa ni pangu, na watoto wa dada zake, ambao kwa desturi yao ndio warithi wake, watakuja kesho kuudai. Tena kwa ajili ya kitovu alikuwa anangojewa mjomba, kaka wa mama mkwe, aje akione na aonyeshe mahali, kwenye mstari mmoja na vya ndugu zake wote. Mimi nilikuwa nimefanya makosa mawili kwa shimo moja.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

"Ungeniuliza ningekuambia. Miaka yote hii hukuwahi kuniuliza kwetu kukoje."

Nikamuuliza itakuwaje. Alisema mjomba ameitwa. Akisema mti ung'olewe, utang'olewa, na kitovu kitatoka nao, na jambo kama hilo likishafanyika mama yake hataweza tena kuishi nasi vizuri. Tutalazimika kuhama. Alisema hivyo huku anaendelea kuchambua. Kisha akaongeza kwamba yeye hawezi tena kufunga beseni. Hakusema hataki. Alisema hawezi.

Wiki ile sikushuka kazini. Nilibaki nyumbani nikiwatazama watoto. Mtoto alikuwa ameanza kukaa mwenyewe, akiegemezwa mto nyuma, na dada yake alimwekea mbele yake vifuniko vya sufuria kama duka. Niliwaza wapi tungekwenda. Nilikuwa na sehemu nne kichwani, kwa sababu mimi huwa nazo daima, na kwa mara ya kwanza hakuna hata moja iliyonivutia.

Mjomba alifika Alhamisi asubuhi, mzee mrefu mwenye kofia ya kushona kwa mkono na panga alilolichomeka kwenye fito za ukuta kabla ya kukaa. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu. Aliuliza habari za safari yetu ya miezi iliyopita, habari za kazi Mazimbu, bei ya saruji. Akambeba mtoto, akampima uzito kwa mikono, akasema huyu anakula. Ndipo akaomba aonyeshwe mti.

Tulisimama pale nyuma ya nyumba, yeye, mama mkwe, mke wangu akiwa na mtoto, na mimi. Binti yangu alijichomeka katikati na kikopo chake.

"Mkwe," mjomba alisema, "mti huu wa nani?"

"Wa mtoto, mjomba."

"Mtoto wa nani?"

Nilijua anachotaka. Mke wangu aliangalia chini. Nilitakiwa kusema mtoto wa mama yake, wa ukoo huu, maneno mawili matatu tu. Nikajikuta nasema, "Wangu."

Mama mkwe alivuta pumzi. Mjomba hakukasirika. Alisema hapo ndipo penye ugumu. Kama mti ni wa mtoto wa binti yao, ukae hata miaka mia. Kama ni wa mkwe, mkwe auchukue, maana ni mali yake. Alisema mimi mwenyewe nichague, yeye hatagusa.

"Ni wangu," binti yangu akasema. "Mimi ndiye ninayeumwagia maji. Bibi amenikataza."

Mjomba alimwinamia. "Wewe ni nani?"

"Mimi mke mwenza wa bibi."

Hata mama mkwe alishindwa kujizuia. Alicheka akajifunika mdomo kwa kanga. Mjomba alicheka pia, polepole, akamuuliza mpwa wake kitovu cha huyu kiko wapi. Mke wangu alijibu bila kuniangalia: Makambako, chini ya zege. Mzee akauliza zege la nani. Nikasema ni langu, nililimwaga mimi.

Nilimtazama binti yangu ambaye hakuwa na hata shina moja la kuonyeshwa, na mdogo wake anayenyonya ngumi, nikasema tena, safari hii vizuri, kwamba mti ni wa watoto wote wawili, watoto ni wa mama yao na wa ukoo wao, na mimi sina mkono kwenye mti ule wala kwenye ardhi ile, wala ndugu zangu hawatakuja kudai. Mjomba alinitaka nirudie ili mama mkwe asikie. Nilirudia. Alichukua kikopo kutoka kwa binti yangu, akamimina maji yaliyokuwamo kwenye shina, akamrudishia.

"Endelea na kazi yako," alimwambia.

Mama mkwe alichinja kuku. Kesho yake maji yalirudi kwenye mparachichi.

Baada ya hapo maisha yalikuwa ya kawaida, na nayakumbuka zaidi kwa mambo madogo. Jino la kwanza lilionwa na dada yake, ambaye alikwenda kulitangaza kwa majirani kabla hatujaamka vizuri, na jirani mmoja akampa yai kwa ajili ya uji wa mtoto. Kliniki tulikwenda kila mwezi, mtoto akining'inizwa kwenye mzani ndani ya kaptula ile ya kitambaa, anapiga mateke, na bibi yake akiuliza kilo kwa sauti ili wenzake wasikie. Alitambaa kinyumenyume wiki mbili kabla ya kujua mbele ni wapi. Alitembea akiwa ameshika ukingo wa beseni, akilisukuma uani kama gari. Dada yake alianza shule, akarudi siku ya kwanza akasema shule ni nzuri lakini imetosha. Wawili hao walilala kitanda kimoja chini ya chandarua kimoja, na kila asubuhi mmoja alimshtaki mwenzake kwa kukojoa.

Mimi nilishuka na kupanda. Mtoto alikuja kunizoea. Alipofika mwaka mmoja na nusu alikuwa ananisubiri pale penye kona. Mama mkwe alinipa sehemu nzuri ya kulima, karibu na maji, na nililima maharage. Sitasema kwamba mtu yeyote alinifukuza, au kwamba yale maneno nyuma ya nyumba yaliniumiza nikashindwa kukaa. Nimejiuliza mara nyingi. Hata kwa baba yangu, penye mgomba wangu mwenyewe, nilishindwa kukaa. Ila nilikuwa nimekaa Matombo kwa sababu watoto walihitaji kwao, na sasa walikuwa nako, na nilipoliona hilo miguu ilianza kuwasha kama zamani.

Hosteli ziliisha. Fundi mwenzangu alinipigia simu kutoka Sumbawanga: kuna shule inajengwa, waashi hawatoshi. Nilimwambia mke wangu, nikamwambia pia kwamba tunaweza kwenda wote. Nilisema hivyo nikijua jibu.

"Wewe nenda," alisema. "Mimi nimefika."

Hakusema kwa hasira. Aliniuliza kama nitakuwa napiga simu kwa ajili ya watoto. Nikasema ndiyo. Akasema basi.

Niliondoka asubuhi ya Jumatatu, kama Jumatatu nyingine zote, isipokuwa begi lilikuwa kubwa na mfuko wa mwiko ulikuwa juu yake. Mama mkwe alinifungia mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Yeye alijua kwamba Jumamosi sitapanda. Mke wangu alikuwa ameinama anapasha maji. Mtoto, ambaye sasa alikuwa anakaribia miaka mitatu, alikuwa uchi uani, anakimbia asiogeshwe.

Binti yangu alitoka na beseni la bluu. Lilikuwa na ufa upande mmoja, nimeliziba kwa plastiki ya kuyeyusha. Aliangalia begi langu, akaangalia mfuko wa mwiko, kisha akaniangalia.

"Baba, na beseni unachukua?"

"Hapana. Linabaki."

Alikuwa na miaka karibu saba na alikuwa na sare ya shule mwilini.

"Kumbe huhami," alisema, akaliweka beseni chini, akaenda kumkamata mdogo wake.

Sikumsahihisha. Nilisubiri mpaka mtoto akaogeshwa, akapakwa mafuta, na dada yake akachota maji kwa kikopo na kwenda nyuma ya nyumba. Mparachichi ulikuwa umempita kimo. Alipokwenda safari ya tatu nilibeba begi nikaanza kushuka, ili nipite kona kabla hajamaliza.